Motori Isiyo na Damu

Tangu mwaka ule wa ukame, wa elfu mbili ishirini na mbili, Mzee Katoo hakuwa ametia nyama mdomoni. Hakunywa maziwa, hakulamba samli, na chai aliitaka ya rangi. Kwa mtu aliyezaliwa na kuzeekea katikati ya ng'ombe huko Kajiado, hilo liliwatisha watu kuliko ugonjwa. Mdogo wake, Samuel, alivumilia mwaka mzima na zaidi, akidhani ni huzuni ambayo ingepita mvua ikinyesha. Mvua ikaja, nyasi zikaota juu ya mifupa, na mzee akazidi kukonda. Ndipo Samuel akampigia simu Soipan, binti pekee wa mzee, aliyekuwa na hoteli ya chakula pale Noonkopir, Kitengela.

"Kuja umchukue baba yako," alisema. "Anakula kama ndege. Na asubuhi anasimama kwa zizi anaongea na hao."

"Hao nani?"

"Si unajua. Wale walienda."

Soipan akamleta baba yake Kitengela, akampa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama uani. Daktari alimpima kila kitu, akasema mzee hana ugonjwa wowote, ila mwili hauna cha kutumia. Apewe chakula kizito. Soipan alicheka kwa uchungu. Yeye alikuwa akilisha madereva na mafundi mia moja kwa siku, na sifa ya karanga yake, nyama ile ya kukaanga, ilifika hadi Isinya, lakini baba yake mzazi alikuwa anakaukia nyumbani kwake.

Kila kulipopambazuka mzee alitoka na shuka lake, fimbo ikiwa kwapani, akasimama mbele ya geti la mabati na kuita majina. Aliyaita polepole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumshtua mnyama. Majina arobaini na matatu. Yalipokwisha alitulia, akiinamisha sikio.

"Papa, unaona nini?" Soipan alimwuliza asubuhi moja.

"Sioni kitu. Nawasikia. Wanapumua hapa kwa geti."

"Wanataka nini?"

"Maji," alisema mzee, kama vile mtu angesema watoto wanataka chai. Kisha akageuka. "Nanyokie peke yake ndiye hayuko nao. Yeye ako Naivasha, alipata bahati. Watu wa shamba wamekuambia amezaa?"

"Amezaa, Papa. Ndama wa kike."

"Sidai," alisema mzee kwa Kimaasai, na uso wake ukalainika. "Vizuri. Vizuri sana."

Nanyokie hakuwahi kufika Naivasha.

Alikuwa ng'ombe mwekundu, mwenye pembe moja iliyoinama, na bibi wa mama yake ndiye aliyetoa maziwa aliyolelewa nayo Soipan baada ya mama yake kufa kwa uzazi. Ukame ulipokaza, ng'ombe wakawa wanaanguka wawili, watatu kwa siku, na mzee akawa anawainua kwa mikono yake mpaka mikono ikakataa. Siku aliyobaki Nanyokie peke yake, Soipan alikuja na pikapu ya kukodi. Alimwambia baba yake kwamba kuna shamba huko Naivasha linalopokea ng'ombe, penye nyasi za kufika magotini. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumweka pale uani kwake, amnunulie nyasi kavu, amrudishe mvua ikinyesha, na jina la Naivasha alilitaja tu ili mzee asije kukaa Kitengela kumlinda ng'ombe usiku na mchana. Lakini siku ya tatu Nanyokie alianguka mbele ya mlango wa jikoni na hakuinuka. Soipan alimtazama, akatazama saa, akamwita mwenye bucha wa jirani kabla ng'ombe hajajifia.

Nyama ile ilipikwa hotelini siku mbili. Haikuwa na mafuta, ikabidi ichemshwe muda mrefu. Wateja walikula, wakalipa, wakaondoka. Soipan alijiambia kwamba kuitupa kungekuwa dhambi zaidi. Siku ya pili alionja chumvi kama kawaida yake, na tonge likamsimama kooni. Tangu siku hiyo hakuonja tena chungu cha nyama. Kazi hiyo aliiachia jirani yake Mugure, mjane wa kutoka Nyeri aliyepanda uyoga kwenye chumba cha giza nyuma ya nyumba yake, na ambaye alikuwa akija kumsaidia jikoni. Mugure hakuuliza sababu.

Jumapili moja, walipotoka kanisani, mzee aliketi kwenye kochi akasema bila kuulizwa, "Soipan, nimetamani motori."

Soipan nusura adondoshe kikombe. Motori ni ile supu nzito ya mifupa na nyama, inayochemshwa nusu siku mpaka inashika kwenye mwiko, ikatiwa magome machungu ya mti wa olkiloriti. Mzee aliinywa ujanani kwenye olpul, kambi ya porini ambako vijana wa rika lake walikaa majuma kadhaa wakila nyama na kupata nguvu.

"Nitakupikia leo hii, Papa!"

"Ngoja." Mzee aliinua kidole. "Nataka motori. Lakini asife mtu."

"Mtu?"

"Umenisikia. Asife mtu. Asikamuliwe mtu. Hata mafuta ya mtu sitaki."

Samuel aliposimuliwa kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Motori bila ng'ombe ni maji ya kuoga," alisema. Lakini Soipan alishikilia lile neno "nimetamani" kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili baba yake kutamani kitu.

Akapika. Chungu cha kwanza alikijaza viazi, karoti na njegere, kikatoka kitamu na chepesi. Mzee alikoroga mara mbili akasema, "Hii ni ya mtoto anayeota meno." Chungu cha pili Mugure alileta uyoga aliouanika juani, wakauchana nyuzinyuzi kwa vidole, wakaupika na njahi, maharagwe yale meusi, na nduma. Mzee alikula vijiko vitano. "Inakuja," alisema. "Lakini iko mbali bado." Na mbavu zake zilikuwa zinahesabika chini ya shuka.

Siku ya chungu cha tatu Soipan alikata tamaa. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Alichukua mfupa mmoja wa goti kwenye friji ya hoteli, wenye uboho, akausimamisha mkononi juu ya sufuria.

"Mama Ruth, usifanye hivyo," Mugure alisema. Alimwita kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni.

"Atakufa, Mugure. Wewe humuoni? Atakufa kwa nyumba yangu akiwa na njaa, na mimi ni mpishi."

"Basi afe akikuamini."

Maneno hayo yalikuwa makali, na Mugure mwenyewe aliyajutia papo hapo. Soipan aliuachia mfupa ukazama. Ulipochemka vya kutosha aliuopoa, akachuja supu kwa kitambaa, isibaki hata chembe.

Mzee alikaa mezani. Alinusa. Akachota kijiko cha kwanza, akakimeza, akafumba macho. Soipan alikuwa amesimama nyuma ya kiti akikishika kwa mikono miwili. Mzee akachota cha pili, akakisimamisha hewani.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni njahi, Papa. Na uyoga."

"Njahi haina macho." Aliweka kijiko chini taratibu. "Huyu ananiangalia. Ni nani, Soipan?"

Jikoni, Mugure aliacha kuosha vyombo. Nje barabarani lori la ng'ombe lilipunguza mwendo kwenye matuta, na mlio wa ng'ombe mmoja ukaingia dirishani, mrefu, ukakatika.

"Ni Nanyokie?" mzee aliuliza.

Mfupa ule haukuwa wa Nanyokie. Ulinunuliwa juzi yake tu. Soipan angeweza kusema hivyo, na ingekuwa kweli. Lakini aliketi sakafuni, na maneno aliyokaa nayo miaka miwili yakamtoka yote, bila mpangilio: pikapu, uani, mwenye bucha, siku mbili za kuuza. Alisema hata juu ya ndama wa uongo. Mzee alimsikiliza bila kumtazama. Alipomaliza, mzee alisimama, akajifunga shuka, akachukua fimbo yake, akafungua geti. Hakulibamiza. Alilirudisha polepole, akaenda.

Jioni Samuel alipiga simu. "Ndugu yangu amefika. Ulimfanya nini?"

Juma lililofuata lilikuwa refu. Soipan alifungua hoteli, akapika, akauza. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, akiwa peke yake jikoni akikata sukuma, alisikia mtu akipumua mlangoni. Pumzi nzito, yenye unyevu, iliyovutwa kwa shida na kuachwa kwa mkupuo. Aligeuka. Mlango ulikuwa wazi na ua mtupu. Ndoo, kamba ya nguo, kivuli cha tangi. Akaendelea kukata. Pumzi ikaja tena, karibu zaidi, na safari hii alisikia harufu ya nyasi kavu, zile za marobota, ambazo hazikuwa zimeingia uani pale tangu mwaka ule. Alitoka akasimama mahali alipoanguka Nanyokie. Saruji ilikuwa na joto pale tu. Pembeni ilikuwa baridi.

Alifunga mlango kwa kitasa. Kesho yake pumzi ilikuwa pale pale, nyuma ya mlango uliofungwa.

"Namsikia," alimwambia Mugure mwishowe. "Sasa hata mimi namsikia."

Mugure aliweka chini kikapu chake. Hakumwambia kwamba ni mawazo, wala hakumwambia aombewe. "Umempelekea baba yako chakula?" aliuliza.

"Hatakula chochote kutoka kwa mkono wangu."

"Usimpelekee kilichopikwa, basi. Mpelekee kisichopikwa."

Soipan alilala nalo neno hilo. Asubuhi alifahamu alikokosea. Alikuwa akihangaika kuufanya uyoga uwe nyama, na mzee hakuomba nyama. Alichokumbuka kutoka olpul kilikuwa moshi, uchungu wa magome, na kusubiri kutwa nzima kando ya moto na watu anaowaamini. Akafunga hoteli Jumamosi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafungasha njahi iliyolowekwa, uyoga mkavu, nduma, ndizi mbichi, vitunguu, karanga za kusaga na kipande cha magadi. Katika soko la Kajiado akanunua magome ya olkiloriti kwa mama mmoja anayeuza dawa za miti, kisha akapanda bodaboda hadi kwa baba yake.

Zizi lilikuwa kama lilivyoachwa, miiba imekauka ikawa ya kijivu. Pembeni, Samuel na wanawe walikuwa wamekusanya mifupa kwa lundo lililofika kiunoni, jeupe, na nyasi mpya zilipenya katikati ya mbavu. Mzee Katoo alikuwa ameketi ndani ya zizi tupu, kwenye kigoda, akitazama lango. Soipan alimwendea akainamisha kichwa mbele yake kama anavyopaswa mtoto. Mkono wa mzee ulikuja, ukagusa utosi wake kama unaogusa jiwe, ukaondoka.

"Nimekuja kupika, Papa. Nitapikia hapa, mbele yako. Hakuna kitu kitaingia kwa hii sufuria kabla hujakishika."

Mzee hakuondoka.

Aliweka mawe matatu, akawasha kuni. Alichoma vitunguu kwenye makaa, pamoja na maganda yake, mpaka vikawa vyeusi nje na laini ndani. Akamwekea baba yake kiganjani. Mzee alivinusa, akavirudisha. Njahi alizishika moja moja, akizigeuza kama anayezitafutia jeraha. Uyoga aliuweka shavuni.

"Huyu alikuwa na mama?"

"Hapana, Papa. Huota kwa mabua ya ngano, kwa giza. Mugure ndiye humwagilia."

"Hulia ukikatwa?"

"Haulii."

Akautia mwenyewe kwenye sufuria. Soipan akaongeza magadi kidogo kulainisha njahi, akachanganya karanga na maji akamimina ili supu ipate mafuta na uzito, na mwisho, jua likiwa limepita utosini, akayatia magome. Supu ikageuka hudhurungi, ikanuka kama porini. Saa zilipita. Samuel alikuja akaketi mbali kidogo, akijifanya ana shughuli na kamba, na mkewe akaleta vikombe. Hakuna aliyecheka. Supu ilipoanza kutoa mapovu mazito yanayopasuka kwa mlio, mzee alisogeza kigoda chake karibu na moto.

Soipan alipakua kwenye kikombe cha bati. Kwanza akanywa yeye, mbele ya macho ya mzee, na ladha ikampitia kooni bila kukwama: chungu, moshi, nzito. Akamwongezea baba yake kikombe kikajaa.

Mzee alikunywa kikombe kizima bila kukishusha. Akafuta mdomo kwa pindo la shuka. Mara akasema, "Sasa niambie."

"Nikuambie nini, Papa?"

"Vile alikufa. Mimi niliwashika wale wengine wote vichwa. Huyo sikumshika. Niambie."

Akamwambia, safari hii kwa mpangilio. Jinsi Nanyokie alivyoanguka kwa magoti ya mbele kwanza, kama anayetaka kupumzika. Jinsi alivyokataa maji. Jinsi yeye, Soipan, alivyomshika ile pembe iliyoinama wakati mwenye bucha anakuja na kisu, maana hakutaka ashikwe na mgeni.

"Ulimshika?"

"Nilimshika mpaka mwisho."

"Aliita?"

"Mara moja."

"Aliitaje?"

Soipan alimtazama. Baba yake hakuwa na mzaha wowote usoni, alikuwa anasubiri. Samuel aliacha kamba yake. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye hoteli Kitengela, akafungua kinywa katikati ya zizi tupu akalia kama ng'ombe. Sauti ilianzia chini, ikapanda, ikavunjika mahali ilipovunjika siku ile. Alikuwa hajui kwamba anaikumbuka.

Halafu, kutoka upande wa lango, kitu kikaitika.

Kilikuwa mlio wa ng'ombe, mfupi, wa chini, unaotolewa na ng'ombe akimwita ndama asogee. Mke wa Samuel aligeuka haraka. Langoni hapakuwa na kitu ila vumbi na jua la saa kumi.

"Ni za jirani," alisema Samuel. Kisha akatazama kilima, na uso wake ukabadilika. "Hapana. Za jirani wamezipeleka bwawani tangu asubuhi."

Mzee Katoo hakushtuka. Alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yakishuka kwenye mikunjo ya mashavu yake bila yeye kuyafuta. "Ameingia," alisema. "Sasa wako arobaini na wanne." Kikombe kilikuwa kitupu mkononi mwake. "Ongeza, Soipan."

Mzee hakurudi Kitengela tena. Mke wa Samuel alijifunza kupika supu ile, na mzee aliinywa karibu kila siku. Mwili ukarudi, si wote, lakini akaweza kutembea mpaka kanisani bila kushikwa mkono. Majina aliendelea kuyaita alfajiri. Samuel anasema kwamba sasa huyaita akiwa ameketi, na kwamba akimaliza hasubiri kitu, huingia ndani kunywa chai. Hawakuzungumza tena juu ya Naivasha wala ndama. Soipan aliwahi kuomba msamaha kwa maneno, siku nyingine, na mzee alimjibu tu kwamba chumvi ilikuwa imezidi kidogo.

Hotelini Soipan anapika vyungu viwili. Cha nyama bado kinauza zaidi, na bado ni Mugure anayekionja. Kile kingine kilianza na wateja wachache, wengi wao wafugaji wa umri mkubwa wanaopita kwenda mnadani, watu ambao nao walizika mifugo yao mwaka ule. Huagiza kwa sauti ya chini, hukaa meza ya pembeni, hula bila kuongea sana. Mmoja wao, mzee kutoka upande wa Oltepesi, alimaliza bakuli lake siku moja akabaki ameinamisha sikio kuelekea mlango wa uani. Akamtazama Soipan.

"Ni wako?" aliuliza.

Soipan alikuwa ameisikia pumzi ile pia, tangu saa nne. "Ni wangu," alisema, na akaenda kumletea maji ya kunawa.